Msalaba Shingoni mwa Nyapara

Johana Gekara alipiga kelele kwa miaka kumi na minane katika shamba moja la chai upande wa Kiptere, na katika miaka yote hiyo hakuna mchumaji hata mmoja aliyewahi kumjibu. Si kwamba hawakumsikia. Sauti ya nyapara huyo haikujua mpaka. Ilivuka bonde, ikapita juu ya bomba la moshi la kiwanda, ikaingia kwa majirani wa ng'ambo ambao hawakuwa na shina hata moja la chai na hawakuwa wamemkosea mtu. Kule ng'ambo kulikuwa na mama mmoja aliyepanga kazi zake kwa sauti hiyo: Gekara akianza, yeye anakwenda kukamua, Gekara akinyamaza kunywa chai, yeye anakwenda mtoni. Lakini wachumaji wenyewe, waliokuwa mbele ya pua yake, walitia pamba masikioni wakaendelea na soga zao.

"Majani mawili na kichipukizi," ndiyo iliyokuwa hotuba yake. Maana yake ni kwamba mchumaji achume ncha changa peke yake, aliache jani la tatu, lile gumu linalojaza kikapu upesi na kuharibu chai kiwandani. Gekara aliitoa hotuba hiyo asubuhi, akairudia mchana, na jioni akaisema tena kama mtu anayefunga duka. Syprose, mama Mjaluo aliyekuwa na mikono ya kasi kuliko wote pale na mdomo wa kasi kuliko mikono, alizoea kumuuliza mwenzake wa mstari wa pili, "Dada, hii ndege inalia ni ndege gani? Mimi naskia kelele yake tu, yenyewe siioni." Mstari mzima ulicheka. Gekara alijitia hamnazo, kwa kuwa naye alikuwa na heshima yake ya kulinda.

Alikuwa Mkisii, amekuja Kericho akiwa kijana na kuanza na kikapu mgongoni kama kila mtu. Kilichompandisha cheo ni koo, na hakuona haya kulisema. Alikuwa pia mtu wa usafi wa kupindukia. Alinyoa ndevu kila alfajiri, hata mvua ya mawe ikinyesha, na shingo yake aliisugua mpaka ikang'aa. Siku ya Sabato alivaa tai, akasimama nyuma ya kwaya ya Waadventista pale kambini, akaimba besi. Waimbaji wa besi walikuwa wanne, lakini watatu kati yao walikuwa wanafungua midomo tu.

Siri yake, au kile alichodhani ni siri, ilikuwa nyuma ya choo cha kambi. Huko alivuta sigara asubuhi na jioni, jambo ambalo kanisa lake halikutaka hata kulisikia. Akirudi nyumbani ananuka, alimwambia mkewe Nyambeki kwamba ni moshi wa kiwanda. Nyambeki alimjibu, "Hiyo kiwanda inakusumbua sana, baba Kebaso," kisha akaendelea kusonga ugali.

Kazi yake ya pili haikuhitaji kelele. Kuna ugonjwa wa mizizi unaoishambulia chai chini kwa chini. Majani yanageuka manjano, na ukichelewa, ugonjwa unahamia mti wa jirani. Kila mara Gekara alipita shambani na kopo la rangi nyekundu na brashi, na mti uliougua aliuchora msalaba kwenye shina. Kesho yake walikuja watu wa majembe, wakaung'oa na mizizi yake yote, wakauchoma palepale. Hapakuwa na rufaa. Gekara alijisifu kwamba hakuna mti aliowahi kuuchora msalaba ukaonekana tena katika dunia hii.

Basi katika masika ya mwaka wa sabini na moja, sauti ikaanza kukwaruza. Gekara alisema ni baridi. Baridi ikaisha, akasema ni vumbi. Vumbi likanyeshewa, akarudi kwenye baridi. Alikunywa asali, akanywa tangawizi, akafunga shingo kwa soksi ya sufu iliyotiwa mafuta ya kondoo, na siku hiyo hata mbwa wa kambi walimfuata kwa upendo. Lazarus, dresa wa zahanati ya shamba, Mjaluo mpole aliyeheshimiwa na kila kabila, alimpa chupa ya dawa na onyo.

"Mzee, hii ni ya wiki mbili. Ikikataa, wewe unaenda Kericho kwa daktari. Koo ya mtu mzima haikauki hivi hivi miezi na miezi."

Dawa ilikataa. Gekara hakwenda Kericho. Badala yake alianza kupita njia ya nyuma ili asikutane na Lazarus, naye Lazarus akaanza kumwona mgongo kila siku.

Shambani mambo yalikwenda kombo. Sauti iliyovuka mabonde ilikuwa sasa haivuki hata kikapu. Jani la tatu likaingia vikapuni kwa furaha, na la nne likalifuata. Gekara akanunua filimbi. Alipoipuliza walikuja mbwa, walewale. Akachukua debe na rungu akaligonga, akisahau kwamba shambani debe linagongwa wakati wa kupima majani. Watu wote mia na ushei wakaacha kuchuma, wakabeba vikapu, wakaenda zao kwenye mizani saa nne asubuhi. Meneja akaja kwa pikipiki kutazama mkutano ule. Alipoletewa habari kutoka kiwandani kwamba chai imekuwa ngumu kama majani ya ndizi, alimwita Gekara kando akamwambia kwa upole, na upole wa meneja ulikuwa unatisha kuliko ukali wake: wakati wa kupogoa chai ukifika na sauti haijarudi, atarudi kwenye kikapu.

Nyambeki kwa miaka mingi alikuwa amemwomba Mungu ampe kimya cha siku moja tu nyumbani kwake. Juma la kwanza alishukuru. Juma la pili alianza kuzungumza na kuku. Halafu asubuhi moja alimsikia mumewe akimwita kutoka uani, na ule mwito ulikuwa pumzi tupu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Aliogopa. Siku hiyohiyo alimshika Gekara mkono, akampeleka kwa Lazarus kupitia njia ya mbele.

Kericho walimtazama, wakamwandikia kwenda Nairobi. Nairobi daktari kijana, aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni, alimwingiza kioo kidogo kooni na kumulika kwa taa, akatazama muda mrefu. Kisha akaketi.

"Mzee, unavuta sigara?"

Gekara alitikisa kichwa kukataa, kwa heshima yote ya mwimba besi.

"Andika ndiyo, daktari," Nyambeki akasema. "Asubuhi na jioni. Nyuma ya choo. Mimi nimemfulia nguo miaka ishirini, kiwanda sijawahi kufulia."

Gekara akatazama viatu vyake. Daktari akaandika ndiyo. Halafu akawaeleza kwamba kilichokuwa kooni ni kansa. Kule kambini neno hilo watu walilinong'ona tu, wakiogopa litawasikia, na Gekara sasa hakuwa na namna nyingine ya kulitamka. "Kansa?" akanong'ona, na mkewe akamshika goti.

"Lakini iko ndogo bado," daktari akasema. "Imekaa kwa uzi wa sauti, haijaenda mbali. Zamani tungekata sanduku lote la sauti. Ungeishi, lakini bila kusema tena. Siku hizi utafiti umeenda mbele. Tuko na mashine, haina miaka mingi tangu iletwe. Inatoa miale ambayo haionekani na haiumi ikipita. Inaua ile mbaya, inaacha sauti. Wagonjwa wa namna yako, wengi wanapona kabisa. Sharti moja: uje kila siku, mpaka tumalize majuma yote, bila kukosa."

Nyambeki akakohoa.

"Hiyo ya zamani, daktari, ya kukata sanduku. Bado mnafanya?"

Daktari hakujua kama acheke au apige simu. Lakini Gekara alijua. Hivyo ndivyo mkewe alivyobeba hofu, kwa mzaha, kama wengine wanavyobeba kwa machozi. Kifua chake kikatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na kwa kitambo waliona kwamba huenda mambo yakawa mazuri.

Nyambeki alirudi Kiptere kwa sababu ng'ombe na watoto hawalishwi na Nairobi. Alimwachia mumewe kipande kipya cha sabuni, suruali mbili na amri ya kutogusa sigara. Gekara akakaa kwa binamu yake Omwenga, fundi viatu, na siku iliyofuata akaripoti kwenye mashine.

Siku hiyo haikuwa ya miale bali ya vipimo. Mwanamke kijana mwenye koti jeupe alimlaza juu ya meza, akampima shingo kwa rula, upande huu na upande ule, akaita tarakimu kwa mwenzake. Kisha akachukua brashi nyembamba, akaichovya kwenye wino wa zambarau, akaanza kuchora. Gekara alihisi baridi ya wino ikipita ngozini, mstari mmoja kwenda chini, mwingine ukiukata katikati. Mwanamke alikuwa akieleza, kwa sauti nzuri ya kuzoea, kwamba alama hizo ndizo zinazoielekeza mashine, kwamba asizioshe, maji yasiguse shingo hata kidogo mpaka tiba iishe. "Tunaanza kesho asubuhi, mzee," akamalizia. Hayo yote masikio ya Gekara hayakuyachukua. Yalichukua mawili tu: brashi, na kesho asubuhi.

Alipotoka alijitazama kwenye kioo cha dirisha. Kila upande wa shingo palikuwa na msalaba.

Hapo ndipo alipokufa moyo. Daktari na miale yake, na utafiti na masomo ya ng'ambo, vyote vilimtoka kichwani. Alibaki nyapara anayetazama mti. Yeye mwenyewe alikuwa amepita katika mistari kwa miaka kumi na minane akiwa na brashi kama ile, na hakuwahi kuuambia mti ukweli. Mti unaochorwa haupewi dawa. Mti unaochorwa unasubiri watu wa majembe, na watu wa majembe huja kesho asubuhi. Sasa alielewa kwa nini kila mtu pale hospitalini alikuwa mpole kwake.

Kulikuwa na bomba la maji uani. Gekara alitoa sabuni ya Nyambeki mfukoni, akainama, akajisugua shingo kwa bidii ya mtu aliyezoea usafi. Wino ulikuwa mkaidi. Naye akawa mkaidi zaidi. Alipomaliza, misalaba ilikuwa imekwenda na maji na sehemu ya ngozi imeifuata. Hakumuaga hata Omwenga. Alipanda basi la Kericho, akaketi dirishani, na alipoiona chai imetandaza ubichi wake mlimani, alishukuru kwamba yeye bado yumo ardhini na mizizi yake.

Nyumbani ilibidi aseme kitu. Alinong'ona kwamba amepona. Mashine za siku hizi, akasema, si za mchezo. Unalala mara moja, unaamka mzima. Na sauti? Sauti, akanong'ona, inakuja nyuma. Walimsadiki kama vile sauti ni mzigo uliokosa nafasi na utaletwa na basi la kesho. Kambi nzima ilifurahi. Jogoo mmoja alichinjwa. Syprose alileta omena na kusema kwamba Mungu ni mkubwa, ingawa kwa jani la tatu angeomba Mungu asiharakishe kuirudisha sauti. Nyambeki peke yake alikuwa anaitazama shingo.

Sabato ikafika. Mzee Makori, kiongozi wa kanisa, alisimama mbele akatangaza muujiza. Alieleza habari za mashine hiyo, ambayo hakuwahi kuiona, kwa namna iliyowafanya watu waione inaruka, kisha akamwita Ndugu Gekara aje ashuhudie na kuwaanzishia wimbo. Gekara akaenda mbele na tai yake. Watu wakafungua vitabu vya nyimbo. Wale watatu wa besi wakajiweka tayari kufungua midomo.

Gekara akavuta pumzi, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kikatoka kitu ambacho mtoto mmoja wa mbele alikitambua kuwa ni bata. Watu wakasubiri. Kuku waliokuwa nje walisikika wakiparua. Gekara akabaki amesimama, kinywa wazi, macho yamejaa maji, na kila mtu mle ndani akaona kwamba mtu huyu hajapona. Mzee Makori, aliyekuwa na akili ya haraka, akasema amina na kuita sadaka.

Baada ya ibada Lazarus alimsubiri mlangoni pamoja na Nyambeki. Njia ya nyuma haikuwapo.

"Mzee," Lazarus akasema, "mtu akianza ile tiba anakaa na alama kwa shingo majuma mengi. Hapana kuosha. Zako ziko wapi?"

Gekara akamtazama mkewe, kisha akanong'ona yote: brashi, misalaba, kesho asubuhi, bomba la maji. Alinong'ona mpaka pumzi ikaisha. "Mama Kebaso," akamalizia, "mimi ndiye nachoranga hiyo msalaba. Najua inamaanisha nini."

Nyambeki alikuwa amefikiria mengi, kuanzia sigara mpaka mwanamke wa Nairobi. Hilo hakulifikiria. Hasira na huruma vilimjia pamoja, na hasira ndiyo iliyotangulia.

"Kwa hivyo umeosha uhai wako. Na ile sabuni yangu mpya."

Kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake cha Sabato akalia, naye Gekara asijue la kufanya, kwa sababu katika ndoa yao yeye ndiye aliyekuwa na kelele na yeye Nyambeki ndiye aliyekuwa na maneno.

Lazarus hakubishana. Alimweleza Nyambeki kando kwamba Kedowa, pale mabasi ya Nairobi yanaposimama, kuna mama anayeuza viazi anaitwa Chepyegon. Huyo alichorwa kwa wino uleule. Wamshukie kwanza yeye, waonane, ndipo waendelee na safari.

Siku ya pili yake walishuka Kedowa katika ukungu. Chepyegon alikuwa mwanamke Mkipsigis, mrefu, ameketi nyuma ya rundo la viazi lililomfika kifuani, akibishana na dereva wa lori, na alikuwa anashinda. Alipoambiwa shida yao, alimwacha dereva katikati ya sentensi, akavuta kitambaa na kuinua taya. Chini ya sikio ngozi ilikuwa na kiraka cheusi, mraba kabisa, kama kilichopimwa kwa rula.

"Chamgei, papa," akamsalimu Gekara kwa Kikipsigis. "Angalia tu, usiogope. Taktari alisema ni kansa. Watu ya nyumbani walianza kugawa viazi yangu na mimi naangalia. Mwaka ya pili hii, na viazi ni yangu bado."

"Walikuchora?" Gekara akanong'ona.

"Mpaka hapa. Kama ramani."

"Na hukuogopa?"

"Kuogopa nini?" Chepyegon akamshangaa kwa dhati. "Mimi niko na ng'ompe. Kila moja nimekata alama kwa sikio. Ile alama ni ya nini? Ni ndiyo ikipotea irudishwe kwangu. Ng'ompe ya kuchinja hakuna mtu anasumbuka kuiwekea alama. Mimi nilipoona wananichora, nikasema, hawa watu wananitaka. Wanataka nirudi kesho."

Gekara alisimama kwenye matope ya Kedowa akilifikiria jambo hilo. Miaka yote hiyo nchi moja, barabara moja, na hapa kuna watu wanaochora kitu ili wakitunze. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi.

"Kwetu kwa chai," akanong'ona, "ukichora msalaba, unang'oa."

Chepyegon akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kwani wewe ni chai?"

Nyambeki alicheka mpaka akashikilia gunia la viazi. Dereva wa lori naye akacheka, ingawa hakujua habari yenyewe. Gekara alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. Walinunua viazi vya kumpelekea Omwenga, wakapanda basi lililofuata.

Yule mwanamke wa wino alipoiona shingo nyekundu isiyo na alama aliuliza nini kilitokea. "Alioga," Nyambeki akasema, na hakuongeza. Daktari alikunja ndita, akasema bahati yao ni kwamba siku zilizopotea ni chache, na kwamba koo hilo halina subira ya mwezi. Gekara alichorwa upya. Safari hii aliyafumba macho, akawaza sikio la ng'ombe.

Nyambeki hakurudi Kiptere. Aliwaachia dada zake ng'ombe na watoto, akabaki kuilinda shingo. Kila asubuhi Gekara alinawa uso huku mkewe amesimama juu yake na mwiko, na tone likielekea chini ya kidevu mwiko ulinyanyuka. Mtu yule aliyezoea kung'aa alikwenda kanisani Nairobi na shingo chafu yenye wino, mzee wa mlangoni akampeleka kwa upole kwenye benchi la nyuma, karibu na walevi waliookoka. Alivumilia. Baada ya muda ngozi ikawa nyeusi, koo likawaka ndani, ugali ukawa adui. Aliishi kwa uji na chai iliyopoa, na kwa mtu wa Kericho kunywa chai iliyopoa ni msiba peke yake. Kuna siku alitaka kutoroka tena. Aliandika kwa kidole mezani, katika maji ya chai, kwamba amechoka. Nyambeki akakaa karibu naye akamwambia moja kwa moja, bila mzaha hata kidogo, "Mimi sitaki hiyo kimya yako. Nilidanganya Mungu. Rudi kwa mashine."

Akarudi kwa mashine, siku zote zilizobaki, bila kukosa.

Mwishoni daktari aliingiza kile kioo kidogo, akatazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akasema kansa haioni tena. Gekara angerudi kutazamwa tena na tena, kwa sababu ugonjwa huu si wa kuaminiwa mapema, lakini kwa siku hiyo haukuwapo. Na sauti ingekuja yenyewe, polepole. Nyambeki akauliza kama inakuja na basi la nyuma. Mumewe akamwomba asianze.

Ilikuja vipandevipande. Kwanza kilikuja kikohozi chenye mwili ndani yake. Kisha likaja neno moja, "chumvi," mezani, na watoto wakaacha kula wakimtazama. Sigara hazikuja tena. Lakini sauti iliyorudi haikuwa ile iliyoondoka. Ilikuwa nene, yenye nyufa, fupi ya pumzi, na kupogoa chai kulikuwa kumekaribia.

Meneja alikuwa mtu wa kutimiza neno, kwa bahati mbaya. Alimwita Gekara asubuhi moja kwenye kona ya barabara, akamwambia asimame mahali pake pa zamani, aongoze kazi kama zamani. Yeye atasikiliza kutoka barabarani. Wachumaji wakimsikia, unyapara ni wake. Wasipomsikia, kikapu kiko stoo. Kuhusu kopo la rangi Gekara alikuwa ameshaomba kabla hata hajaulizwa: kazi nyingine zote atafanya, ile apewe mwingine.

Wachumaji walikuwa wametanda mlimani, kila mmoja na mstari wake, vifua ndani ya chai. Gekara akasimama mwisho wa mistari. Shingo yake ilikuwa na miraba miwili myeusi. Akavuta pumzi.

"Majani mawili," akasema, "na kichipukizi."

Yeye mwenyewe alijua imeanguka karibu. Ile sauti ilifika mstari wa kwanza, labda wa pili, ikafia humo kwenye umande. Mlimani vichwa havikuinuka. Mama wa ng'ambo aliendelea kusubiri kukamua. Meneja barabarani alikuwa ameinamisha sikio, na uso wake ulionyesha kwamba hakupata kitu. Gekara akafungua kinywa kujaribu tena, na pumzi haikumtosha.

Katika mstari wa kwanza alikuwa Syprose. Aliinua kichwa, akamtazama Gekara, akamtazama meneja, akarudi kwa Gekara. Mikono yake, ambayo haikuwahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote, ikasimama.

"Tumesikia, nyapara," akasema kwa nguvu.

Aliye nyuma yake akageuka kumshangaa. Kisha naye akainua kichwa. "Tumesikia, nyapara." Ikapokelewa mstari wa tatu, ikapanda mlima kutoka kikapu hadi kikapu, sauti za Wakisii na za Wajaluo na za Wakipsigis, watu wote mia na ushei ambao kwa miaka kumi na minane hawakuwa wamemjibu hata mara moja, mpaka ikatoka upande wa pili na kuvuka bonde. Meneja akasimama wima, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki akaenda. Ng'ambo, yule mama akachukua kibuyu chake.

Gekara aligeuka kuitazama chai ya upande wa pili, ambayo haikuwa na jambo lolote la kutazamwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mzee, unalia?" Syprose akauliza.

"Hapana," akasema kwa ile sauti yake mpya. "Ni moshi ya kiwanda."

Syprose akautazama moshi wa kiwanda. Upepo ulikuwa unaupeleka upande mwingine kabisa. Akashusha macho, akachuma majani mawili na kichipukizi, akayatupa kikapuni nyuma ya bega lake.

"Tumesikia," akasema.